Bikoni zilizopandwa Mwezini, na namna chombo kinavyojua kiko wapi kati ya Dunia na Mwezi (uzi mrefu, leta kahawa)

Mpima wa Chumbageni

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Kwenye uzi ule wa migogoro ya viwanja kuna mdau aliuliza kile kioo tunachokishika juu ya fimbo wakati wa kupima kinafanya nini. Nilimjibu kwa mistari miwili, nikaongeza kwamba kifaa cha jamii hiyohiyo kipo Mwezini tangu 1969 na bado kinatumika. Watu wakaangua kicheko. Basi nafungua uzi wake.

Tuanze na kazi ya kila siku. Ukiona vijana wawili pale Mikanjuni, mmoja kasimama nyuma ya mashine ya miguu mitatu na mwenzake kashika fimbo yenye kioo, ile mashine ni totali stesheni na kile kioo ni prizimu. Mashine inatuma mwanga, prizimu inaurudisha, mashine inapiga hesabu ya umbali. Ujanja uko kwenye kona. Ndani ya prizimu nyuso tatu zimekutana kwa pembe mraba, kama pale kuta mbili za chumba zinapokutana na sakafu. Mwanga ukiingia humo unagonga uso wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha unatoka ukielekea kulekule ulikotoka. Ndiyo maana kijana wa fimbo hahitaji kuielekeza kwa umakini mkubwa. Akiipindisha kidogo, mwanga bado unarudi kwa mwenyewe. Kioo cha kujitazamia hakiwezi hilo.

Sasa twende Mwezini. Julai 1969 wanaanga wa Marekani wa Apollo 11 waliacha paneli ya sentimita 46 kwa 46 yenye prizimu 100. Mwaka 1971 Apollo 14 wakaacha nyingine ya 100, na mwaka huohuo Apollo 15 wakaacha kubwa ya 300. Wasovieti nao waliteremsha magari mawili yasiyo na dereva, Lunokhod 1 mwaka 1970 na Lunokhod 2 mwaka 1973, kila moja likiwa na prizimu 14 zilizotengenezwa Ufaransa. Jumla bikoni tano, naziita hivyo kama zile alama za mpaka tunazopanda viwanjani. Hazina betri wala waya. Vyombo vya kisayansi vya Apollo vilivyokuwa vikituma taarifa kwa redio vilizimwa mwaka 1977, lakini hizi hazina swichi ya kuzima.

Upande wa Dunia ziko darubini chache zenye leza ya kufika huko: Grasse kusini mwa Ufaransa, Apache Point huko New Mexico, Matera Italia, Wettzell Ujerumani. Wanapiga mpigo mfupi mno wa mwanga, wanasubiri kama sekunde mbili na nusu, wanapokea. Chukua muda wa kwenda na kurudi, gawa kwa mbili, zidisha kwa kasi ya mwanga. Umbali wa wastani ni kilomita 384,400.

Kanuni ni hiyo, shughuli iko kwenye kupokea. Mpigo mmoja wa Apache Point unaondoka na chembe za mwanga ambazo idadi yake ni 3 ikifuatwa na sifuri 17. Ukifika Mwezini umeshatanuka upana wa kama kilomita 2, kwa hiyo karibu wote unaangukia vumbi. Ule mdogo uliobahatika kuingia kwenye prizimu unarudi ukitanuka tena, na ukifika Dunia umeenea kilomita kama 15. Kinachoingia kwenye darubini ni chembe moja hivi, na mara nyingine hakuna kitu. Wanapiga mara 20 kwa sekunde, wanakusanya hizo chembe moja moja mpaka wapate maelfu, na kutoka humo wanatoa umbali kwa usahihi wa milimita. Mimi nikipata milimita tano kutoka bikoni hadi bikoni naenda kunywa chai kwa amani.

Wapimaji wenzangu mtauliza habari za hewa. Ile halijoto na mgandamizo wa hewa unaotakiwa kuingiza kwenye mashine kabla ya kuanza (na wengi wetu huacha namba za jana, tusidanganyane) wao hawawezi kuuruka. Hewa peke yake inauongeza umbali kwa zaidi ya mita mbili.

Na mtu wa Tanga anafaidika nini? Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mei 1976 ilirushwa satelaiti inaitwa LAGEOS. Ni mpira wa sentimita 60, uzito zaidi ya kilo 400, umejaa prizimu 426 mwili mzima, unazunguka kilomita 5,900 hivi juu yetu. Hauna mtambo wowote ndani. Vituo vya leza vya nchi mbalimbali, kikiwemo Hartebeesthoek cha Afrika Kusini, vinaupima kila unapopita. Kwa kuwa mpira huo unazunguka kitovu cha uzito wa Dunia, vipimo vyake pamoja na vya wenzake ndivyo vinavyotuambia kitovu hicho kiko wapi, na kitovu hicho ndicho sifuri ya ITRF, mfumo wa kimataifa wa kutaja mahali popote Duniani kwa namba. TAREF11, mfumo wetu Watanzania wa kupimia ardhi, imefungwa kwenye mfumo huo. Kwa hiyo ukiniletea bikoni ya kiwanja chako cha Pongwe iliyosomwa kwa TAREF11, nikifuata mnyororo wa vipimo nyumanyuma naishia kwenye leza na mpira wenye vioo. Mnaotumia ramani za mfumo wa zamani, Arc 1960, mnajua balaa lake: changanya mifumo hiyo miwili bila kubadilisha, kiwanja kinahama karibu mita mia tatu.

Maswali karibuni. Matusi pelekeni uzi wa mpira.

Dada wa Sahare

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, hizo bikoni za Mwezini nani anazilinda? Huku kwetu jirani anang'oa usiku, asubuhi anakuja kukusaidia kuitafuta.

Mpima wa Chumbageni

Dada, umenichekesha. Kule mwizi ni vumbi. Timu ya Apache Point ilichapisha mwaka 2010 kwamba mwanga unaorudi ni kama sehemu moja ya kumi ya ule uliotarajiwa, na Mwezi unapokuwa mpevu unapungua tena mara kumi. Maelezo yao ni kwamba vumbi limeketi juu ya prizimu. Jua likizipiga kwa utosi, vumbi linashika joto, kioo kinapata moto upande mmoja kuliko mwingine, na mwanga unatoka umepindapinda. Wakapata nafasi ya kulijaribu wazo hilo Desemba mwaka huohuo, Mwezi ulipopatwa: kivuli cha Dunia kilipozifunika prizimu zikapoa, na mwanga unaorudi ukapanda.

Mtata wa Makorora

Stori za kitoto. Hakuna aliyekwenda Mwezini. Na leza inaweza kudunda kwenye udongo wa Mwezi bila kioo chochote, ni jambo linalojulikana. Mpima endelea na viwanja vyako.

Ticha Fizikia

Mtata, sentensi yako ya tatu ni kweli tupu. Watafiti wa MIT walidundisha leza kwenye uso mtupu wa Mwezi mwaka 1962, miaka saba kabla ya Apollo 11. Tofauti iko kwenye namna mwanga unavyorudi. Ukipiga udongo mtupu wenye mabonde na vilima, mwanga unarudi kwa mafungu, wa kilimani mapema na wa bondeni baadaye, umesambaa. Ukipiga paneli ya prizimu, unarudi umebanana kwenye chembe ndogo kabisa ya sekunde. Ukisogeza darubini pembeni kidogo tu, ule mlundikano unapotea. Ukirudisha, unarudi.

Lakini hata mimi nitamkosoa Mpima mapema kabla hajateleza: prizimu hazithibitishi kwamba binadamu alikwenda. Wasovieti walizifikisha zao bila mtu hata mmoja. Zinathibitisha kwamba chombo kilitua pale kinaposemwa kilitua, basi. Ukitaka kubishana habari za watu, bishana na kilo 382 za mawe na udongo walizorudi nazo, ambazo maabara za nchi nyingi zimezichambua, na picha za LRO, chombo cha NASA kinachouzunguka Mwezi, zinazoonyesha njia walizokanyaga.

Halafu kuna kisa cha Lunokhod 1. Mawasiliano nalo yalikatika mwaka 1971, na kwa karibu miaka 40 hakuna aliyejua limeegeshwa wapi kwa uhakika wa kutosha kulipiga leza. Mwaka 2010 picha za LRO zikalionyesha. Aprili ya mwaka huo Apache Point wakaelekeza leza mahali hapo na prizimu ikajibu kwa nguvu kuliko ile ya Lunokhod 2. Chombo cha Mrusi, prizimu za Mfaransa, darubini ya Mmarekani. Hao watatu wakikubaliana kudanganya jambo moja kwa miaka 40, nitaomba wanifundishe namna ya kuendesha kikao.

Nahodha wa Kigombe

Vijana, hamjambo. Mjukuu wangu kanisomea uzi huu na yeye ndiye anayeandika, mimi nasema.

Nimeendesha mashua kati ya Tanga na Pemba kabla hatujaijua hii GPS. Usiku nyota, ukikaribia nyumbani mnara wa Ulenge, na timazi ya kupima kina. Nina maswali mawili. La kwanza, nasikia Mwezi unatukimbia. Je, bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, litakwisha? La pili, simu ya huyu mtoto inaonyesha niko Kigombe, na ni kweli niko Kigombe. Mtu akiwa njiani kwenda Mwezini, simu hiyo itamwambia yuko wapi?

Mpima wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu.

La bamvua ni jepesi. Mwezi unatukimbia kweli, kama sentimita 3.8 kwa mwaka, na ni hizo leza zilizotuonyesha. Anayeusukuma ni maji yenyewe. Dunia inazunguka haraka kuliko Mwezi unavyotuzunguka, kwa hiyo uvimbe wa maji unaoletwa na Mwezi unaburutwa mbele kidogo. Uvimbe huo unauvuta Mwezi mbele, nao unapanda kwenda mbali, na Dunia inalipa kwa kupunguza mwendo wa kujizungusha, siku inarefuka kwa kipimo kidogo mno. Lakini pigia hesabu: miaka mia moja ni mita 3.8. Wakati huohuo, kila mwezi Mwezi husogea karibu mpaka kilomita 363,000 hivi na kurudi mbali mpaka 405,000. Bamvua lako na maji mafu yako yako salama, mzee. Wajukuu wa wajukuu watayakuta.

La pili ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, kwa hiyo univumilie.

Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu na zimeelekeza antena zao chini, kwetu. Mwezi uko mbali kuliko hapo karibu mara ishirini, nyuma ya migongo yao. Mtu aliye Mwezini anazipata zile tu zilizo upande wa pili wa Dunia, ambazo mawimbi yao yanapita pembeni mwa Dunia na kumwagika kwenda mbele. Ni mawimbi dhaifu mno. Machi 2, 2025 chombo cha Blue Ghost kilitua Mwezini kikiwa na kipokezi kinaitwa LuGRE, kazi ya NASA na Shirika la Anga la Italia. Siku iliyofuata kikapokea mawimbi ya GPS na ya Galileo ya Ulaya na kujipatia mahali kilipo. Zaidi ya kilomita 360,000 kutoka hapa.

Kwa hiyo jibu fupi: simu ya mjukuu, hapana. Kipokezi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ndiyo, ila kina kasoro moja ambayo wewe utaielewa kuliko wengi humu. Hapa Kigombe satelaiti zimekuzunguka pande zote za mbingu. Ukiwa Mwezini, familia nzima ya GPS inaonekana kwenye kipande cha anga cha nyuzi 8 tu, kuzunguka Dunia.

Nahodha wa Kigombe

Marhaba mwanangu. Nimekuelewa. Alama zote zimekaa upande mmoja na zimebanana. Ukiwa baharini ukachukua alama mbili zilizo karibukaribu, unajua umeelekea wapi lakini umbali unakuchezea, unaweza kudhani uko nje kumbe mwamba uko chini yako. Nahodha anatafuta alama moja kushoto na nyingine kulia. Sasa hao waliokwenda mwanzo walitumia nini?

Mpima wa Chumbageni

Ndiyo hiyo hasa, mzee. Sisi tunaiita jiometri mbaya, na kosa dogo la kusoma linatanuka kuwa kosa kubwa la mahali.

Wa mwanzo walitumia vitu viwili. Kubwa ni redio: mitambo mikubwa ya hapa Duniani ilituma mawimbi, chombo kikayarudisha, umbali na mwendo vikahesabiwa huku huku kisha wakaelezwa. La pili utalipenda. Wanaanga wa Apollo walibeba sekstanti, wakipima pembe kati ya nyota na ukingo wa Dunia au wa Mwezi, ili redio ikikatika waweze kurudi nyumbani wenyewe.

Njia ya redio bado inatumika, ila inakula mitambo ya Duniani, na mitambo hiyo ni michache. Vyombo vikiwa viwili vitatu sawa. Vikiwa thelathini, foleni. Na upande wa nyuma wa Mwezi redio ya Dunia haifiki kabisa, ndiyo maana Wachina waliweka satelaiti ya kupokezana, Queqiao, mwaka 2018 kabla ya kutua huko Januari 2019. Wazungu wa Ulaya nao wana mpango wa Moonlight: satelaiti tano za kuuzunguka Mwezi, nne za kuongoza njia na moja ya mawasiliano. Hizo ndizo zitakazoleta alama ya kulia aliyokuwa akiisema mzee.

Na prizimu zimerudi, safari hii ndogo. Chandrayaan-3 ya India ilitua karibu na ncha ya kusini Agosti 2023 ikiwa na kifaa kidogo cha NASA chenye prizimu 8, upana kama sentimita 5. Kipimo hicho ni kidogo mno kupigwa leza kutoka Duniani. Kimewekwa kwa ajili ya vyombo vinavyopita juu yake. Desemba 12, 2023 LRO ikakipiga leza kutoka kilomita 100 na kikajibu. Fikirieni rubani wa kesho anayeshuka gizani kwenye mashimo ya kusini: leza yake inapiga, bikoni inajibu, anajua yuko wapi bila kuuliza mtu Duniani.

Fundi Saa Ngamiani

Naomba niingilie maana mmenigusa. Mnaongea umbali, mimi naona saa tu humu. Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Saa ikikosea hapo, umbali nao umekosea. Sasa swali: saa ya Mwezini na ya Tanga zinakwenda sawa?

Ticha Fizikia

Fundi, haziendi sawa. Mvutano wa Mwezi ni mdogo, na Einstein alishatuambia kwamba saa iliyo kwenye mvutano mdogo hukimbia. Ukitoa na athari ya mwendo, watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, waliandika mwaka 2024 kwamba saa ya Mwezini inaitangulia ya Duniani kila siku kwa kama sehemu 56 za sekunde moja iliyogawanywa mara milioni. Ukizidisha na kasi ya mwanga ni kilomita 17 hivi. Yaani satelaiti za kuongoza njia kule zikitumia saa ya Dunia bila marekebisho, baada ya siku moja hesabu imekwenda umbali wa kuvuka mji mzima. Ndiyo sababu Aprili 2024 Ikulu ya Marekani iliiagiza NASA iandae saa rasmi ya Mwezi kufikia mwisho wa 2026.

Fundi Saa Ngamiani

Kwa hiyo hata Mwezini wataniita. Nauli nani analipa?

Kijana wa Lushoto

Wakuu, mbona hatuweki kituo cha leza huku Usambara? Mlima tunao, hewa safi, taa za mji chache.

Mpima wa Chumbageni

Mdogo wangu, wazo zuri ila mahali sipo. Usambara inaishi ndani ya mawingu, ndiyo maana chai inakubali. Leza haipenyi wingu. Ungekuwa na kituo kinachofanya kazi wakati wa kiangazi tu, na hata hapo kwa kubahatisha. Ningekuwa na fedha za serikali ningetazama kati ya nchi, Singida au Dodoma, kwenye ukame.

Ila kiini cha swali lako ni cha haki. Vipimo vya Mwezi karibu vyote vinatoka kaskazini mwa ikweta, na hiyo ni jiometri mbaya ileile ya Nahodha. Hartebeesthoek wanajenga cha kwao cha Mwezi kwa darubini ya mita moja waliyopewa na Wafaransa. Kituo kimoja kusini kinaongeza zaidi kuliko cha kumi huko Ulaya.

Mswahili wa Mvita

Nipo Mombasa napita tu. Musisahau pwani hii si ngeni na mambo ya anga. Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Disemba 1970 kikarushwa chombo cha kwanza kilichotengezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya kikapewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili limo vitabuni mwa wanajimu mpaka leo.

Mtata wa Makorora

Sawa, mawe nimeyasoma usiku kucha, nimenyamaza kidogo. Sasa niulize swali la maana. Mmesema Blue Ghost ilitua 2025. Nimeona ilibeba prizimu nyingine ya kupigwa kutoka Duniani. Za zamani zinajibu bado, mpya ya nini?

Mpima wa Chumbageni

Karibu upande huu, Mtata, hilo ndilo swali bora la uzi mzima.

Za zamani ni paneli bapa yenye prizimu nyingi ndogo. Mwezi haukutazami kwa utulivu, unatikisa kichwa taratibu, mwezi hadi mwezi. Ukitikisika, paneli inalala upande, kona moja inakuwa karibu nasi kuliko nyingine. Mwanga wa kona ya karibu unatangulia, wa kona ya mbali unachelewa, na huwezi kujua ile chembe moja uliyoipata imetoka prizimu ipi. Leza za Duniani zimekuwa nzuri kiasi kwamba leo kosa linatoka kwenye paneli yenyewe. Ile mpya, kazi ya Chuo Kikuu cha Maryland, ni prizimu moja tu kubwa ya sentimita 10. Ikilala haina kona nyingine ya kuchanganya, mwanga wote umetoka sehemu moja. Kwa vifaa hivyo wanalenga kushuka chini ya milimita.

Upande wa pili wa faida ni mahali. Imekaa Mare Crisium, mashariki ya uso wa Mwezi unaotukabili, mbali na zile tano. Bikoni zikitawanyika, mtikisiko wa Mwezi unasomeka vizuri zaidi, na mtikisiko huo ndio unaowaambia wanasayansi kwamba ndani kabisa ya Mwezi kuna kiini ambacho sehemu yake bado ni majimaji.

Anayetaka kuiona prizimu kwa macho, Jumamosi tutakuwa Pongwe tunarudishia bikoni zilizong'olewa. Dada wa Sahare, njoo na yule jirani.